Menyu ya GRUB Isiposomeka: Uliza Kwanza, Ndipo Uombe

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Iliyofuata, Windows 11, inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka 2017. Kompyuta ya mtumba iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, au iliyoletwa kutoka Lubumbashi, aghalabu haifikii masharti hayo hata kama diski yake ni nzima na kibodi yake haina kasoro. Kwa mwenye kibanda cha bureautique hapa Kalemie anayechapa barua na kunakili vyeti, au kwa mwanafunzi wa chuo kikuu anayeandika tasnifu yake, kuweka Ubuntu, Linux Mint au Debian ni njia halali na ya bure ya kuiongezea mashine hiyo miaka. Lakini wengi hukwama mlangoni. Wanawasha, nembo ya kiwanda inapita, kisha pale ambapo menyu ya GRUB ingetokea wanaona giza, au herufi ndogo zisizosomeka, au herufi kubwa zilizotawanyika, au monita inaandika "Out of range". Mara nyingi dawa inayotolewa ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya, na baada ya kuweka upya, menyu inarudi na ugonjwa uleule.

Inarudi kwa sababu kosa haliko kwenye mfumo uliofutwa. GRUB, programu inayoonyesha menyu ya kuchagua mfumo kabla Linux haijaanza, haina uwezo wa kujitengenezea resolusheni, yaani idadi ya nukta zinazochorwa kwa upana na kwa urefu. Inaomba kwa mwingine, na inapewa kile tu ambacho mwingine huyo anacho. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba menyu hiyo ipewe resolusheni ya uhakika, hata kama ni ndogo, wala isipewe ile kubwa inayopendeza. Na kwamba uhakika huo unapatikana kwa kuiuliza mashine yenyewe kabla ya kubadilisha herufi hata moja kwenye mafaili yake. Anayefuata mpangilio huo humaliza kazi bila kununua mega hata moja. Anayeuruka hupakua upya Ubuntu 24.04, ambayo ni karibu GB 6, na kujikuta palepale.

Kwa nini GRUB haioni kile ambacho Linux inaona

Picha ya kompyuta inayowaka hupitia hatua tatu. Ya kwanza ni BIOS, au UEFI kwenye mashine za karibuni: hiyo ndiyo inayochora nembo ya kiwanda. Ya pili ni GRUB. Ya tatu ni kerneli ya Linux, ambayo ina draiva halisi ya kadi ya picha. Tangu toleo la 2.6.29 la mwaka 2009, likianza na kadi za Intel, kerneli yenyewe ndiyo inayopanga resolusheni mapema wakati wa kuwaka. GRUB imekaa katikati bila draiva. Kwenye mashine ya BIOS inaomba picha kupitia utaratibu uitwao VBE, na kwenye UEFI inaomba kupitia GOP. Kilichoandikwa humo na mtengenezaji wa kadi au wa laptopu ndicho kilichopo. GRUB ikiombwa 1920x1080 na orodha haina, hali yake ni ya mteja anayeagiza kuku mgahawani siku ambayo chunguni kuna ndagala tu: hata akiagiza mara kumi, kuku hatatokea.

Hapa ndipo kosa la kwanza, na la kawaida kuliko yote, linapozaliwa. Mtu anafungua terminali ndani ya Linux, anaandika `xrandr`, anaona 1366x768 imeorodheshwa, anaibandika kwenye faili la GRUB, kisha anashangaa haifanyi kazi. Orodha ya `xrandr` ni ya hatua ya tatu, ya draiva. Haisemi lolote kuhusu hatua ya pili. Na 1366x768 ni mfano mzuri wa tofauti hiyo: 1366 haigawanyiki kwa 8 bila baki, na BIOS nyingi za zamani, zilizozoea upana unaogawanyika kwa 8, hutoa 1360x768 badala yake, au huishia 1024x768. Laptopu yenye kioo cha 1366x768 inaweza kabisa kuwa na GRUB isiyoifahamu 1366x768, na hakuna kilichoharibika.

Tambua kwanza ni hatua ipi iliyougua

Angalia kwa utulivu ni lini picha inapotea, kwa sababu dawa ya hatua moja haiponyi nyingine.

- Hata nembo ya kiwanda haionekani: GRUB haihusiki. Kagua kebo, umeme wa monita, na kumbukumbu ya RAM.
- Nembo inaonekana, kisha giza au "Out of range" kwa sekunde kadhaa, halafu Linux inafunguka vizuri: hii ndiyo shida ya GRUB.
- Menyu inasomeka, unachagua, ndipo giza linaingia na kubaki: shida iko kwenye makabidhiano kati ya GRUB na kerneli, au kwenye draiva.
- Kila kitu kinawaka lakini ukiingia ndani picha ni kubwa mno na haibadiliki: ni draiva, au kuna neno lililosahaulika kwenye mipangilio. Tutalifikia.

Kwa Kalemie, hali ya pili ina sura yake ya pekee inayostahili kuelezwa kwa kirefu. Ubuntu ikiwa peke yake kwenye diski huficha menyu. Siku za kawaida huioni kabisa. Lakini kila inapoanza kuwaka hujiwekea alama, na huifuta alama hiyo ikifanikiwa kuwaka hadi mwisho. Umeme wa hapa, unaotoka kituo cha Bendera, ukikatika katikati ya kuwaka, alama inabaki. Umeme ukirudi, GRUB inaiona, inaitoa menyu hadharani na kusubiri sekunde 30 ili mtumiaji aweze kuchagua njia ya kujiokoa. Sasa, kama resolusheni ya menyu hiyo haikubaliki na monita, mwenye kompyuta anachokiona ni "Out of range" kwa nusu dakika nzima, mara tu baada ya umeme kukatika. Anaamini umeme umeua skrini. Anazima kwa kitufe, anawasha tena, na kwa kuzima hivyo anaihakikishia alama ile kubaki. Dawa ya haraka ni kubonyeza Enter mara moja, bila kuona kitu, na kusubiri. Linux itafunguka. Ukishaingia ndani, fanya marekebisho yaliyoelezwa hapa chini, na ukipenda ongeza mstari `GRUB_RECORDFAIL_TIMEOUT=5` ili kusubiri kupungue kutoka sekunde 30 hadi 5. Usiweke 0, kwa sababu menyu hiyo inakuja wakati ambapo unaweza kuihitaji kweli.

Tahadhari ya kibodi, kabla ya kuandika chochote kwenye GRUB

GRUB kwa kawaida huichukulia kila kibodi kuwa QWERTY ya Kimarekani. Kompyuta nyingi za Kongo zina AZERTY, ya Kifaransa au ya Kibelgiji, na mtu anaweza kuhangaika nusu saa akidhani amri hazifanyi kazi, kumbe herufi anazobonyeza sizo zinazofika. Nakili kisanduku hiki kwenye karatasi:

| Unataka | Kwenye AZERTY bonyeza |
|---|---|
| a | kitufe cha Q |
| q | kitufe cha A |
| w | kitufe cha Z |
| z | kitufe cha W |
| m | kitufe cha koma, kulia kwa N |
| , | kitufe cha nukta-mkato (;), kulia kwa kile cha koma |
| = | kitufe kinachopakana, kwa kushoto, na kile cha kufutia |
| _ | Shift pamoja na kitufe kilicho kulia kwa sifuri |
| tarakimu | vitufe vya juu, bila Shift |

Hii inahusu skrini ya GRUB peke yake. Ukishaingia Linux, kibodi inarudi kwenye mpangilio uliouchagua.

Kuiuliza mashine

Ili uifikie menyu iliyofichwa, washa kompyuta na, mara tu nembo ya kiwanda inapotokea, shika Shift kwenye mashine ya BIOS au gusa Esc kwenye mashine ya UEFI. Esc iguswe mara moja tu. Ukiigonga mara nyingi, GRUB inaruka menyu na kukuacha mbele ya alama `grub>`. Hapo andika `normal`, bonyeza Enter, kisha gusa Esc mara moja tu papo hapo, na menyu itapatikana. Kama hujui mashine yako ni ya aina gani, ingia Linux na uandike `ls /sys/firmware/efi`. Ikijibu kwa orodha ya vitu, imewaka kwa UEFI. Ikisema folda haipo, ni BIOS.

1. Kwenye menyu, bonyeza `c`. Utapata mstari wa amri wa GRUB.
2. Andika `set pager=1`, Enter. Hii inazuia orodha ndefu kukimbia juu ya skrini kabla hujaisoma.
3. Andika `insmod all_video`, Enter.
4. Andika `videoinfo`, Enter. Matoleo ya zamani sana hutumia `vbeinfo`.
5. Soma polepole, na uandike kwenye karatasi.

Kitakachotokea ni kichwa kinachotaja VESA au EFI GOP, kisha mistari ya namna hii: `0x118 1024 x 768 x 32`. Namba ya kwanza ni kitambulisho, mbili zinazofuata ni upana na urefu, na ya mwisho ni kina cha rangi. Mstari wenye nyota ndio unaotumika wakati huo. Chini kabisa, monita ikiwa imejitambulisha, utaona maneno `Preferred mode` na resolusheni ambayo monita yenyewe inaipendelea. Maneno hayo yasipokuwepo, ujue kadi ya picha haijapata habari kutoka kwa monita. Hiyo peke yake ni habari kubwa, na nitairudia.

Sasa kuna jambo la kufikiri. Orodha uliyoisoma, hasa kwenye BIOS, ni ya kadi ya picha. Haimaanishi kwamba monita inaziweza resolusheni zote. Kadi inaweza kutoa 1600x1200 huku monita ya inchi 17 iliyo mbele yako ikiishia 1280x1024. Kinachofaa ni kile kilicho kwenye orodha ya kadi na ambacho pia monita inakikubali. Ukisita, 1024x768 ni chaguo ambalo takriban kila kadi na kila monita ya miaka hii hukubali, na 640x480, ambayo imekuwepo tangu IBM ilipotoa VGA mwaka 1987, ni kimbilio la mwisho.

Kabla ya kuandika chochote cha kudumu, jaribu papo hapo. Jaribio hili halibadilishi faili lolote. Ukizima kompyuta limeshasahaulika:

1. `set gfxmode=1024x768`
2. `terminal_output console`
3. `terminal_output gfxterm`

Skrini itabadilika. Ukisoma herufi vizuri, umepata jibu. Ukiona alama za kuuliza au visanduku badala ya mistari, resolusheni ni sahihi ila fonti haijapakiwa. Andika `loadfont unicode` na urudie. Skrini ikizimika, zima na uwashe kompyuta, ujaribu ndogo zaidi. Bonyeza Esc kurudi kwenye menyu.

Kuandika jibu mahali pake

Ukiwa ndani ya Linux, na laptopu ikiwa na chaji ya kutosha kama umeme si wa kuaminika, fungua terminali:

1. Weka nakala: `sudo cp /etc/default/grub /etc/default/grub.nakala`
2. Fungua faili: `sudo nano /etc/default/grub`
3. Tafuta mstari unaoanza na `#GRUB_GFXMODE`. Ondoa alama ya `#`, kisha uufanye usomeke `GRUB_GFXMODE=1024x768,800x600,auto`. Weka namba ulizozithibitisha wewe.
4. Hifadhi kwa Ctrl+O na Enter, toka kwa Ctrl+X.
5. Andika `sudo update-grub` na usubiri imalize.
6. Andika `sync`, kisha `sudo reboot`.

Mpangilio wa mstari wa tatu una sababu. GRUB inasoma kutoka kushoto na kushika ya kwanza inayopatikana, kwa hiyo ya uhakika inatangulia, ndogo yake inafuata, na `auto` inakaa mwisho. Kwenye Fedora, amri ya 5 ni `sudo grub2-mkconfig -o /boot/grub2/grub.cfg`, na huko mara nyingi faili lina mstari `GRUB_TERMINAL_OUTPUT="console"` unaoifanya GFXMODE isiwe na kazi mpaka uuondoe.

Makosa matatu hurudiwa hapa. La kwanza ni kuhariri moja kwa moja `/boot/grub/grub.cfg`: faili hilo huandikwa upya kila kerneli inaposasishwa, na kazi yako inafutika. La pili ni kusahau `update-grub`. Bila hiyo faili ulilohariri ni karatasi tu. La tatu ni kufuata maelekezo ya zamani yanayosema uongeze `vga=791`. Hayo yalikuwa ya enzi za LILO na GRUB ya kwanza, ambapo 791 ilimaanisha 1024x768 kwa rangi za biti 16. GRUB ya sasa inataka GFXMODE. Na kama umefanya yote sawasawa na bado hakuna kilichobadilika, andika `grep -r GFX /etc/default/grub /etc/default/grub.d`, kwa sababu mafaili madogo ndani ya folda ya `grub.d` husomwa baadaye na yanaweza kufuta ulichoandika kwenye lile la kwanza.

Wanaosema vingine

Wapo watakaouliza kwa nini nisishauri `auto` peke yake, maana ndiyo chaguo la kawaida la GRUB. Kwenye laptopu inayotumia kioo chake yenyewe, `auto` inatosha mara nyingi na huna haja ya mwongozo huu. Inashindwa pale ambapo monita ni ya nje na habari zake hazifiki. Hapa nirudi kwa ile `Preferred mode` iliyokosekana. Kebo ya VGA, ile yenye kichwa cha buluu na skrubu mbili, ina pini 15, na monita hujitambulisha kupitia pini ya 12 na ya 15. Kebo za bei rahisi wakati mwingine hazina waya kwenye pini hizo, na kebo iliyochomolewa na kuchomekwa kwa miaka huwa na pini zilizopinda au kuvunjika. Picha inapita, kwa sababu rangi zinapita kwenye pini nyingine, lakini jina na uwezo wa monita havipiti. `auto` ikikosa habari inabahatisha. Kwa hiyo kabla ya kulaumu programu, chomoa kebo, itazame kichwani mbele ya mwanga, na ujaribu nyingine. Adapta za kutoka HDMI kwenda VGA zina udhaifu wa namna hiyohiyo. Ukikosa kebo nyingine, resolusheni iliyoandikwa kwa mkono kwenye GFXMODE ndiyo inayoziba pengo hilo.

Wengine watasema: achana na picha kabisa, weka `GRUB_TERMINAL=console`, menyu iwe ya maandishi. Hili ni pingamizi ninaloliheshimu, na kwa kompyuta ya BIOS yenye monita ya wasiwasi ndilo ninaloliona bora kuliko yote. Menyu ya maandishi yenye herufi 80 kwa mistari 25 inaonekana karibu kwenye kila skrini. Unachopoteza ni picha ya nyuma na mapambo, na kibanda cha kuchapa barua hakiuzi mapambo ya GRUB. Kwenye UEFI hali ni tofauti kidogo: maandishi hayo huchorwa na UEFI yenyewe, na kwenye laptopu yenye kioo chenye nukta nyingi sana herufi zinaweza kubaki ndogo. Huko kushusha GFXMODE kunasaidia zaidi, na kuna faida ya pili: GRUB haitumii nguvu ya kadi ya picha kuchora, hivyo kwenye resolusheni kubwa menyu huwa nzito na mshale wa kuchagua huchelewa. Ndogo husomeka na hukimbia.

Pingamizi la tatu ni la kuificha menyu moja kwa moja, kwa hoja kwamba asiyeiona hatasumbuka nayo. Silikubali. Menyu hii haipo kwa ajili ya siku njema. Ipo kwa siku ambayo kerneli mpya imekataa kuwaka, na ile ya zamani ingali kwenye `Advanced options`. Ipo kwa siku ambayo nenosiri limesahaulika. Ipo kwa mwenye Windows na Linux kwenye diski moja. Mji ambao umeme hukatika bila taarifa una siku hizo nyingi kuliko miji mingine. Kuificha menyu kwa sababu haisomeki ni kuacha njia ya kutokea ikiwa imefungwa mpaka siku ya moto. Ndiyo maana nasisitiza isomeke, hata kwa 800x600. Kwamba kwenye kioo kipana herufi zitakuwa na ukungu kidogo au zitavutwa pembeni ni kweli, lakini ni kwa sekunde tano, na baada ya hapo kerneli inachukua skrini na kuirudisha kwenye ukali wake.

Giza linapoingia baada ya menyu

Hapa tumeshavuka kwenda hatua ya tatu, na nitasema machache ya lazima. Ukiona `error: no suitable video mode found`, GRUB imeshindwa kukabidhi resolusheni iliyoombwa kwa kerneli. Hakikisha GFXMODE ina namba iliyomo kwenye orodha ya `videoinfo`, na uongeze mstari `GRUB_GFXPAYLOAD_LINUX=keep`, unaoiambia GRUB ikabidhi picha kama ilivyo. Kwenye BIOS, ikishindikana, badilisha `keep` kuwa `text`. Kila badiliko lifuatwe na `sudo update-grub`.

Kama skrini inabaki nyeusi kabisa, kwenye menyu weka mshale juu ya Linux, bonyeza `e`, shuka hadi mstari unaoanza na `linux`, nenda mwisho wake, acha nafasi, andika `nomodeset`, kisha Ctrl+X au F10. Kwenye AZERTY kumbuka kitufe cha koma kwa herufi m. Neno hili linaizuia kerneli kupanga resolusheni yenyewe. Inatumia picha ileile ya BIOS au UEFI. Ni gongo la kukuingiza ndani ili uweke draiva inayofaa, na halikusudiwi kukaa. Linasahaulika sana. Mtu aliyekuwekea Linux aliliandika ili usakinishaji upite, likabaki kwenye faili, na mwenye mashine anaishi miezi na dawati la 1024x768 akiamini kompyuta yake ni dhaifu. Andika `cat /proc/cmdline`. Ukiliona `nomodeset` humo, fungua `/etc/default/grub`, lifute kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, endesha `sudo update-grub`, na uwashe upya. Likiwa limefutwa na giza limerudi, draiva ndiyo inayotakiwa, na `lspci -k` itakuonyesha kadi yako ni ipi na draiva gani inaishika.

Ukishindwa kuingia kabisa

Ikiwa umeandika jambo baya kwenye faili na Linux haifunguki wala menyu haisomeki, flashi uliyotumia kusakinisha bado ni ufunguo. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua terminali:

1. `lsblk -f`, uone sehemu ya diski yenye Linux. Hapa tuseme ni `sda2`.
2. `sudo mount /dev/sda2 /mnt`. Kama `/boot` iko kwenye sehemu yake ya peke yake, nayo iunganishe kwenye `/mnt/boot`.
3. `for d in dev proc sys; do sudo mount --bind /$d /mnt/$d; done`
4. `sudo chroot /mnt`
5. `cp /etc/default/grub.nakala /etc/default/grub`
6. `update-grub`, kisha `exit`.
7. Zima kompyuta, chomoa flashi, washa tena.

Kwenye hatua ya 5 ndipo nakala ile ya mwanzo inapohitajika. Kama hukuiweka, fungua faili kwa `nano`, weka `#` mbele ya kila mstari wa GFX uliouongeza, ongeza `GRUB_TERMINAL=console` mwishoni, na uendelee na hatua ya 6.